Dole Gumba la Mjane

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa dini, wazee wa koo mliokubali mwaliko huu huku mkijua vyema nitasema nini, na ninyi wasaidizi wa kisheria mnaohitimu mafunzo yenu leo hapa Bukoba: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mapambano dhidi ya ukandamizaji wa wanawake na wasichana katika nchi zinazoendelea. Mada hiyo ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kuihutubia kutwa nzima asimguse hata mmoja aliyeketi ukumbini, na mimi, niliyekalia kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka 27, nimezisikia hotuba za namna hiyo kila inapofika tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Mtaniwia radhi, basi, nikiipunguza. Nitazungumzia karatasi moja, ambayo kila mmoja wenu ataishika mkononi kabla mwaka haujaisha, nayo ni muhtasari wa kikao cha ukoo.

Ninyi mnaujua utaratibu, lakini si wageni wetu wote wanaoujua, kwa hiyo nitaueleza kwa ufupi. Mwanamume akifariki bila kuacha wosia, mara nyingi siku ile ile ya kuanua matanga, ukoo hukaa kikao. Humpendekeza mtu mmoja awe msimamizi wa mirathi, katibu huandika muhtasari, na waliohudhuria hutia saini au dole gumba. Muhtasari huo hupelekwa mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo, maombi hujazwa katika Fomu Namba 1, tangazo hubandikwa kwenye ubao wa mahakama, na pingamizi lisipotokea hakimu humteua aliyependekezwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hakuna sheria inayolazimisha kikao hicho. Ni mazoea ya mahakama zetu, tena yalianza kwa sababu nzuri, kwa kuwa hakimu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine anahitaji msaada wa kuwatambua warithi. Lakini mazoea hayo yameota mizizi hadi karatasi ya ukoo ikawa ndiyo ufunguo, na asiyekuwa nayo akabaki amesimama nje ya mlango.

Ndiyo maana nasema kwamba ukandamizaji mwingi niliouona kazini haukuja na rungu. Ulikuja umevaa koti, umeshika bahasha ya kaki, umefuatana na mashahidi, na ulipiga hodi kabla ya kuingia.

Mwaka 1991, katika mahakama ambayo sitaitaja, alikuja mbele yangu mwanamume mmoja kuomba usimamizi wa mirathi ya kaka yake. Marehemu aliacha kibanja chenye migomba na kahawa, nyumba ya bati, mjane, na mabinti watatu, mkubwa wao akiwa na miaka 13. Hapakuwa na mtoto wa kiume. Muhtasari ulisema ukoo mzima, mjane akiwamo, umekubali kwamba kibanja kiwe chini ya ndugu wa marehemu, naye mjane arudi kwao kwa hiari yake. Chini kabisa palikuwa na dole gumba la buluu. Nilimwita yule mama mbele nikamwuliza kama dole lile lilikuwa lake. Akaliangalia, akasema ni lake. Nikawageukia wazee wa baraza waliokaa nami, wote wawili wakasema hawaoni tatizo. Shauri halikuchukua hata nusu saa, na nakumbuka nilijisikia vizuri kwamba siku ile nilimaliza majalada yangu mapema.

Miaka miwili baadaye nilikutana naye Kemondo, akiuza dagaa. Alinitambua kabla sijamtambua, akanisalimia kwa heshima ambayo sikuistahili, na tulipozoeana kwa maneno mawili matatu nilimwuliza kwa nini alikubali kuondoka. Akaniambia hakukubali. Walimpitishia karatasi akiwa bado ameketi kwenye mkeka wa msiba, wakamwambia aweke dole kwenye orodha ya mahudhurio.

Nilikuwa nimemwuliza kama dole ni lake. Sikumwuliza aliambiwa nini alipokuwa akiliweka.

Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko hilo, na nalisema mbele yenu kwa sababu nataka mlielewe vizuri. Katika nchi yetu mirathi huendeshwa kwa mifumo mitatu. Upo ule wa Kiislamu, ambao humpa mjane thumni ya mali ya mumewe ikiwa ameacha watoto na robo ikiwa hakuacha, na humpa binti nusu ya fungu la kaka yake. Upo ule unaotokana na sheria ya India ya mwaka 1865, ambao mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili zinazobaki hugawiwa watoto bila kuangalia jinsia. Na upo ule wa kimila, ambao katika koo zinazofuata ukoo wa baba umeandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963. Humo mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti wote, hata kama mmoja wao ndiye mkubwa kuliko kaka zake, wako daraja la tatu. Mjane hana daraja. Kanuni inasema hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Hata hivyo, kanuni hiyo hiyo kandamizi, katika kifungu kinachohusu ardhi ya ukoo, iliwaruhusu mabinti kuitumia ardhi hiyo ingawa haikuwaruhusu kuiuza. Maana yake ni kwamba mabinti wale watatu walikuwa na haki ya kubaki kwenye migomba ya baba yao, wakala, wakavuna kahawa, na mama yao akatunzwa nao pale pale. Mimi sikuwatendea vibaya kwa kuifuata sheria mbaya. Niliwatendea vibaya kwa kutoifungua kabisa, kwa sababu karatasi ya ukoo ilikuwa imeandikwa vizuri na kupigwa mihuri, na ilionekana kama imekwisha kuamua kila kitu. Wasaidizi wa kisheria, mtakutana na mahakimu, watendaji wa kata na wenyeviti wa vitongoji wa aina yangu ile, watu wasio na chuki na mwanamke yeyote, ambao wanapenda tu kumaliza kazi mapema.

Liko jambo jingine. Mwaka mmoja tu kabla ya siku ile, tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikuwa ametoa hukumu iliyotoka katika mkoa wetu huu huu. Bibi Holaria binti Pastory alirithi ardhi kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya wilaya ikatengua uamuzi huo kwa kutumia Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Jaji Mwalusanya akaikubalia mahakama ya wilaya: mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayopewa mwanamume, na ukoo ukiitaka ardhi yake uikomboe kwa kulipa bei iliyolipwa, kama ambavyo ungeikomboa kwa mwanamume. Jaji alikumbusha hata maneno ya Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1967 alikiri waziwazi kwamba katika jamii yetu ya jadi mwanamke aliwekwa chini ya mwanamume.

Hukumu hiyo inasomwa katika vyuo vikuu vya nje. Mimi, niliyekuwa nikifanya kazi katika mkoa ilikozaliwa, niliiona kwa mara ya kwanza miaka kadhaa baadaye, nakala iliyofifia aliyonipa mwenzangu aliyetoka masomoni. Mahakama za mwanzo hazikuwa zikipata nakala za hukumu za Mahakama Kuu. Dagaa wa Kemondo walikuwa wakifika Kigali kwa siku mbili, na haki ya Bibi Holaria haikuweza kutoka Mwanza ikafika kwenye meza yangu kwa mwaka mzima.

Najua wazee wangu mlioketi mstari wa mbele mnawaza nini. Mnawaza kwamba nimekuja kuitukana mila. Mila naiheshimu, na nimezaliwa ndani yake kama ninyi; wazazi wangu walizikwa kimila na watoto wangu walipokewa kimila. Lakini naomba tuulizane mila ni ipi. Kanuni za mwaka 1963 zilitokana na kazi ya serikali ya kuziunganisha mila za makabila mengi ziwe maandishi mamoja, na waliotazamwa kuwa wajuzi wa mila walikuwa kwa sehemu kubwa wazee wanaume. Kitu kilichokuwa kikijadiliwa na kubadilika barazani, kulingana na mtu, nyumba na mwaka wa njaa, kikagandishwa katika Gazeti la Serikali. Na hata katika maandishi hayo yaliyokwisha kugandishwa, ukoo ulipewa ardhi pamoja na mzigo wake: watunze watoto wa marehemu, mwulize mjane anataka kuishi wapi, asije akalala njaa. Leo nakutana na koo zinazoishika haki kwa mikono miwili na mzigo zimeuacha njiani. Anayeniambia kwamba anatetea mila, mimi humwuliza swali moja: ada ya shule ya watoto wa kaka yako ya mwaka jana umelipa kiasi gani?

Mkoa huu una sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana hapa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata tulizika vijana wenye wake wadogo na watoto wachanga. Utaratibu uliokuwa umezoea kugawa mali ya mzee aliyekufa akiwa na wana wakubwa ukalazimika ghafla kugawa mali ya kijana wa miaka 30. Mjane aliambiwa ndiye aliyemwua mumewe, na tuhuma hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa aliyeitamka, kwa kuwa mwuaji harithi wala haonewi huruma. Nimesoma majalada ambamo neno UKIMWI halikuandikwa hata mara moja, lakini ukiyasoma mfululizo utaliona katika kila ukurasa.

Sasa nifike mahali ambapo hotuba za tarehe 8 Machi huwa zinaruka. Wanaomtoa mjane nyumbani si wanaume peke yao. Katika mashauri niliyosikiliza, sauti kali kuliko zote mara nyingi ilikuwa ya wifi. Ndiye aliyekuwa akihesabu sufuria, ndiye aliyekuwa akikumbuka ng'ombe alinunuliwa na nani, ndiye aliyemwambia mjane kwamba ameingia na kanga moja na atatoka na kanga moja. Kwa miaka mingi nilimchukulia wifi kuwa mtu mwenye roho mbaya, hadi siku moja nilipomwuliza mmoja wao, nje ya shauri, anaishi wapi. Akaniambia aliachika, akarudi nyumbani, akapewa chumba na kipande cha kulima kwenye kibanja cha kaka yake, yaani kile kile tulichokuwa tukikigombania. Kwa mume wake aliondoka bila kitu. Kwa baba yake alikuwa daraja la tatu. Kaka yake alipokufa, alijua kwamba mjane akibaki na kibanja, yeye hana pa kwenda. Na ndugu zake wa kiume walipomwahidi kwamba akisimama nao atabaki na chumba chake, alisimama nao kwa nguvu zote.

Tafadhali mkae na picha hiyo kidogo. Wanawake wawili wanagombania migomba ile ile, mmoja kwa jina la ndoa na mwingine kwa jina la damu, na sheria ya mwaka 1963 haimpi hata mmoja wao umiliki. Anayekipata kibanja ni wa tatu, ambaye wala hapigi kelele. Kwa hiyo mtakapokwenda kumtetea mjane msimwone wifi kuwa adui; mwulizeni kama alipoachika aligawana mali na mumewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikwisha kusema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hizo. Wengi hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupewa mgao katika nyumba aliyoidai, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe na hakuzitumia ipasavyo. Alishindwa yeye, wakashinda waliokuja baada yake. Wifi wa kijijini kwenu ni mmoja wao, ila hakuna aliyemwambia. Mkimwambia, huenda mkapunguza mashauri mawili kwa mpigo.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Wahaya au la Watanzania. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Bhe, ilikataa kanuni iliyompa babu nyumba ya marehemu huko Khayelitsha na kuwaacha mabinti wawili wa marehemu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Botswana ilimwachia Bibi Edith Mmusi, aliyekuwa na takriban miaka 80, pamoja na dada zake, nyumba ya familia yao ya Kanye waliyoitunza kwa miaka mingi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua kwamba mila ya Waigbo ya kumnyima binti urithi wa baba yake inapingana na katiba. Maneno ya mashahidi katika mashauri hayo, ukiondoa majina, ningeweza kudhani yametoka katika majalada yangu.

Kwetu safari imekuwa ndefu zaidi. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe pamoja na watoto wao, walikwenda Mahakama Kuu wakitaka kanuni za mwaka 1963 zitamkwe kuwa batili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta, kwa hoja kwamba ikianza kufuta mila za kabila moja itafungua mlango kwa mila za makabila yote 120. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika nyaraka. Wakapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema haki zao zilivunjwa na sheria irekebishwe. Tangazo Namba 436 bado limo vitabuni. Siwaambii hivyo ili mkate tamaa. Nawaambia ili msije mkamwahidi mjane yeyote kwamba sheria imekwisha kubadilishwa.

Kuna rafiki zangu katika mashirika wanaoamini kwamba dawa ni kuelimisha jamii, kwa kuwa watu hawajui sheria. Nakubaliana nao nusu. Mjane ndiye asiyejua. Shemeji anajua, tena anajua kuliko baadhi yenu mnaopokea vyeti leo. Anajua kwamba akiwahi kufungua mirathi kabla ya mjane, mjane ndiye atakayehangaika na pingamizi. Anajua kwamba ndoa ya kimila haina cheti. Anajua kwamba nauli ya kwenda mahakamani mara sita ni zaidi ya bei ya mkungu wa ndizi. Mtu wa namna hiyo ukimwalika semina atakuja, atakula, atapewa fulana, na atarudi nyumbani ameongeza maarifa.

Na akina binti wale watatu? Mkubwa hakumaliza darasa la saba. Alipelekwa Mwanza kufanya kazi za ndani. Wa pili, mama yake aliniambia pale Kemondo, alikuwa tayari anaposwa, na mahari ingepokewa na baba yake mdogo. Sheria ya Ndoa wakati ule iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana ilikuwa 18, na mahakama iliweza kutoa kibali hata kwa aliyefikisha miaka 14. Vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba Julai 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, na muda wa mwaka mmoja aliopewa Mwanasheria Mkuu kurekebisha sheria ukapita bila marekebisho kukamilika. Lakini oneni hili: hata kifungu kile kibaya kilisema kwamba baba akiwa amefariki, ridhaa ni ya mama. Baba mdogo hakuwa na nafasi hapo. Alikuwa na nafasi kwa sababu kibanja kilikuwa chake, na mama asiye na mahali pa kumlaza binti hawezi kukataa posa. Ndiyo maana sipendi kuzigawa mada hizi, ndoa za utotoni siku yake na ardhi siku yake. Binti yule aliolewa kwa dole gumba la mama yake.

Ninyi Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua. Haikuwapa joho la wakili, na msijaribu kulivaa. Nguvu yenu iko mahali ambapo wakili hafiki, yaani msibani. Nendeni matangani kama majirani, si kama maofisa, na mjane akipitishiwa karatasi mwe karibu naye, mmsomee kwa sauti kila kilichoandikwa juu ya mahali anapotakiwa kuweka dole, katika lugha anayoiota usiku. Ikiwa ni mahudhurio, pawe na kichwa cha habari kinachosema mahudhurio, na ukurasa ufungwe kwa mstari ili maneno yasiongezwe baadaye. Apewe nakala, au ipigwe picha kwa simu pale pale.

Mwelewesheni kila mtu, hasa msimamizi mwenyewe, kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Ni mtumishi wa warithi. Ndani ya miezi minne tangu ateuliwe anapaswa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba 5, na kisha hesabu ya mgawanyo katika Fomu Namba 6. Nimeona majalada yenye umri wa miaka kumi ambayo hayana fomu hizo, na hakuna aliyeuliza. Ulizeni ninyi. Na hakuna kinachomzuia mjane kuwa msimamizi. Wengi walioteuliwa mbele yangu katika miaka yangu ya mwisho walikuwa wajane, na hesabu zao zilikuwa safi kuliko za wengi.

Mama asiye na cheti cha ndoa msimrudishe nyumbani. Waliokula ng'ombe wa mahari wapo, picha zipo, kadi za kliniki za watoto zipo, na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili na zaidi na kujulikana kuwa mume na mke. Katika baraza la ardhi la kijiji, kumbukeni kwamba wajumbe ni saba na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Wanaume wa rika langu mliomo humu, nanyi nawaomba mwandike wosia mkiwa wazima. Kwa wosia wa kimila ulioandikwa, asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wanne, anayejua wawili wanatosha. Mtu anayempenda mkewe lakini anaogopa kuandika wosia kwa kuhofia kwamba anajichulia kifo, amwulize mjane yeyote wa hapa Bukoba ni kipi hasa kinachochulia.

Nilimtafuta yule mama baada ya kustaafu. Nilitaka kumwambia kwamba mirathi ile ingeweza kufunguliwa upya, kwamba muhtasari uliopatikana kwa udanganyifu si muhtasari. Niliambiwa alihamia Biharamulo kwa binti yake wa tatu. Kibanja kilikwisha kuuzwa mara mbili.

Kabla sijaketi, lipo jambo moja. Mama aliyevaa kitenge cha kijani pale nyuma, ambaye amekaa kimya tangu asubuhi, mumewe alizikwa siku kumi na mbili zilizopita, na ameniruhusu kuwaambia kwamba ukoo utakaa Jumamosi hii. Nahitaji wawili wenu, mmoja awe mwanamume. Kikao kimetangazwa kuwa saa nne asubuhi. Nendeni saa mbili.